Kilicholazwa Nyuma ya Jina

Ko. Ko. Ko.

Mlio ulifika kabla ya ukuta. Asubuhi hiyo ya Jumamosi ukungu wa Theta ulikuwa umeyalalia mashamba ya kahawa kama blanketi la mgonjwa. Inspekta Warigia, aliyeacha gari barabarani kwa kuogopa matope, alitembea akifuata sikio. Ko, ko. Kimya. Kisha ko tena, mbele kidogo. Kuna mtu aliyekuwa akigonga jiwe taratibu, kama daktari anayegonga kifua cha mzee.

"Ni nani huyo anafanya kazi mapema hivi?" Koplo Maina aliuliza nyuma yake, akiinua suruali isilowe umande. "Hata kuku wa huku hawajaamka."

"Anatafuta mahali patupu," Warigia alisema.

Ndipo mlio ukabadilika. Ko ikawa bu, nzito, ya ndani, kama ngoma iliyonyeshewa. Ikarudiwa: bu, bu. Kisha kikohozi cha mtu mzima, na kutoka ndani ya ukungu akajitokeza Mzee Ephantus, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya mnara, amevaa koti la kanisani, nyundo ndogo mkononi.

"Nimelipata," alisema. "Ni hili hapa chini."

"Mzee, nilikuomba usiguse kitu mpaka nifike."

"Sijagusa, binti yangu. Nimegonga."

Maina aligeuka kando kuficha kicheko. Warigia hakucheka. Alitoa simu, akaanza kupiga picha kabla hata ya kusalimia.

Mnara wenyewe haukuwa mrefu. Ulikuwa ukuta wa mawe ya Ndarugu uliopinda nusu duara, kimo cha kifua cha mtu mzima, kila jiwe limechongwa kwa mkono na kila jiwe la safu za juu lina jina. Juu kabisa, katikati, mahali ambapo minara mingine huweka mwanajeshi na bunduki yake, palikuwa na ngata: ule mviringo wa kitambaa kilichosokotwa ambao mchukuzi huweka kichwani chini ya mzigo. Ngata hii ilikuwa ya jiwe, pana kama gurudumu la lori, na fundi alikuwa ameuchonga msokoto wake mkunjo kwa mkunjo, hata ungedhani ukiubonyeza utanywea.

Kamati ya Theta ilikuwa imegombania ngata hiyo miaka miwili. Watu waliochukuliwa katika mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika, katika vita vyote viwili vya Wazungu, wengi hawakupewa bunduki. Walipewa risasi za wengine wabebe. Basi wajukuu wao wakasema, kama ni kukumbuka, tukumbuke kilichokuwa kichwani mwao. Hoja hiyo ilishinda, na kesho, baada ya ibada, mnara ungezinduliwa mbele ya wageni.

Ila sasa kulikuwa na jiwe linalolia bu.

"Mimi nimekwisha andikisha malalamiko," Ephantus alisema. "Mlinzi wetu Jared alimwona yule fundi, Calvince, akitoka humu Alhamisi jioni na tindo na ndoo. Kazi tulikuwa tumeifunga Jumatatu. Alikuwa anatafuta nini? Akiulizwa, kimya. Mkimuuliza nyinyi, kimya. Ukuta ukianguka kesho juu ya wageni, nitasema nini?"

"Ndiyo maana yuko seli, mzee."

"Na Jumatatu mumpeleke kortini Thika. Kuharibu mnara wa umma ni jela."

Warigia alijua kwamba jela isingekuwa nusu ya adhabu. Calvince Owino ndiye aliyechonga majina yote ya ukuta huu. Fundi akihukumiwa kwa kuiharibu kazi aliyoijenga mwenyewe, nani tena atamkabidhi jiwe?

Alichuchumaa. Jiwe lililolia lilikuwa la safu ya chini, isiyo na majina. Ki yake, ule mstari wa saruji ambao mafundi hupiga kati ya jiwe na jiwe, ilikuwa ya kijivu iliyoiva kidogo kuliko nyingine, bado ikihifadhi unyevu. Lakini ilikuwa imenyooka. Aliyeirudisha alikuwa ameipapasa kwa ncha ya mwiko, akafuta matone kwa kitambaa, hata majani chini yalikuwa safi. Warigia alipitisha kidole cha glavu juu ya mstari huo mara mbili, akaurudia ule wa jirani yake. Wa jirani ulikuwa mbaya zaidi.

"Maina, litoe. Polepole. Usilivunje."

Saruji mbichi haikubisha sana. Jiwe lilitoka kama jino la mtoto, na nyuma yake kulikuwa na tundu lililochimbwa kwa ustadi ndani ya kifusi cha ukuta. Warigia alimulika tochi. Aliona shuka jeupe, jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Alilifunua upande mmoja.

Ephantus alirudi nyuma hatua mbili.

"Muratina," alisema kwa sauti ya chini.

Ndilo lilikuwa: tunda la muratina, lile la kuchachulia pombe ya asali, refu kama mkono wa mtu kuanzia kiwiko, nene, la rangi ya majivu na kijani, limepakwa mafuta likang'aa.

"Kumbe ukuta unapika pombe," Maina alisema.

"Usifanye mzaha, kijana. Wazee wa zamani walikuwa wanakunywa njohi ya muratina ndipo walaani mtu. Hii ni laana. Mtu ameulaani ukuta wa watu waliokufa." Mzee alitia mikono mifukoni pamoja na nyundo. "Nampigia pasta. Lichomwe hapa hapa, leo, kabla ya wageni."

"Halichomwi," Warigia alisema. "Hiki ni kielelezo cha polisi sasa."

Aliendelea kumulika. Tunda lilikuwa limelazwa kwa ubavu. Chini ya ncha yake moja, ile iliyokuwa na kikonyo, kulikuwa na kitambaa kingine kidogo, kimekunjwa mara nne, kikawekwa sawasawa. Alikipiga picha tatu kutoka pande tofauti. Hakusema neno kukihusu, hata kwa Maina.

*

"Hebu niambie," alimwambia Maina garini, "kwenu nani alikuwa anapika muratina?"

"Guka, babu yangu. Siku za ruracio, za mahari, hakuna mtu alimfikia."

"Tunda alilifanyaje?"

"Alilipasua katikati, akatoa zile nyuzi na mbegu, akalichemsha, akalianika mpaka likauke kama sifongo. Halafu ndipo linaingia kwa asali." Maina alipunguza mwendo. "Hili ni bichi. Na halijapasuliwa."

"Hili haliwezi kuchachua hata uji. Kwa hivyo si pombe, wala si kitu cha mtu anayejua pombe. Mzee Ephantus ameona muratina kwa sababu Mkikuyu akiliona tunda hilo haoni kitu kingine. Hata mimi niliona hivyo hivyo."

"Basi ni nini?"

"Sijui. Twende Kamakis kwanza."

Huko Kamakis, kati ya majiko ya nyama choma, mwanajeshi wa saruji wa urefu wa dirisha la ghorofa alisimama mlangoni mwa hoteli moja, bunduki begani, amevishwa aproni nyekundu. Chini yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mchongaji Eddie alikuwa anampaka buti rangi nyeusi. Dizaini ya mwanajeshi huyo ndiyo iliyoshindwa na ngata. Eddie alikuwa amewaambia watu wengi, tena akiwa amelewa na akiwa hajalewa, kwamba ukuta ule hautaiona Jumapili.

"Madam, sasa," alisema bila kushuka. "Mmekuja kula au kunikamata?"

"Inategemea majibu. Alhamisi jioni ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasimamisha huyu jamaa. Uliza mwenye hoteli, uliza wakata nyama, uliza huyo aliyebanwa kidole na buti." Mkata nyama mmoja aliinua kidole chenye bandeji kama shahidi mahakamani. "Huyu alikuwa asimame Theta, shujaa wa taifa. Sasa anaitisha watu waje wale mbavu."

"Uliapa utauangusha ukuta."

"Niliongea. Msanii akikataliwa na asiongee, ataumwa na tumbo." Alichovya burashi. "Walinikalisha hapo kamati nzima, cucu mmoja, nyanya mzee, akaniambia, 'Kijana, baba yangu hakuwa na buti. Huyu wako umemtoa wapi?' Nikamwambia hakuna mtu atakuja kupiga picha na ngata. Akaniambia hawakufa ndio wapigwe picha." Alipaka kidogo, akasimamisha burashi. "Siwezi sema alikosea. Lakini iliniuma."

Warigia alimpa simu. "Tazama hiyo ki."

Eddie aliivuta picha kwa vidole viwili. "Calvince. Hakuna mwingine hapa kati anapiga ki hivyo, hata kwa choo."

"Yeye ndiye anashtakiwa kuharibu."

"Nani aharibu hivi? Hii ni kama mwizi avunje nyumba, aibe redio, halafu apige deki kabla ya kutoka."

Alipomrudishia simu, picha ilikuwa bado imekuzwa, imeteleza juu kidogo. Warigia aliitazama. Juu tu ya tundu lile, kwenye jiwe la kwanza lenye jina, paliandikwa: JECONIA OWINO. Kati ya akina Njoroge na Kariuki na Mwaura, alikuwa Mjaluo peke yake, wa kutoka ziwani.

"Rudi Ruiru," alimwambia Maina.

"Na mbavu?"

"Rudi Ruiru."

*

Calvince aliletwa katika chumba cha mahojiano akiwa amekunja mikono kifuani. Vumbi jeupe la jiwe lilikuwa limekaa kwenye kope zake, halikuwa limetoka hata baada ya usiku mzima wa seli. Warigia hakufungua faili. Alimsukumia kikombe cha chai.

"Jeconia Owino ni nani wako?"

"Akina Owino ni wengi, afande."

"Ni wengi kweli. Kwenye ukuta wa Theta yuko mmoja."

Calvince alitazama chai.

"Mzee Ephantus anasema umeroga mnara," Warigia aliendelea. "Pasta ana petroli, vijana wa kanisa wana kiberiti. Wanangoja nifunge macho kidogo. Mimi sijui mila ya hilo tunda. Lakini niliona kitu kimoja. Sasa nakuuliza, Calvince: ni mtu gani huenda kuroga, halafu auwekee uchawi wake mto wa kulalia?"

Kijana alikisogeza kikombe mezani kwa uangalifu mwingi.

"Mmelitoa?" aliuliza.

"Tumelitoa."

"Liko wapi?"

"Kwenye chumba cha vielelezo. Halijaguswa na mtu asiye na glavu. Mto uko pale pale."

"Kwetu tunaliita yago," Calvince alisema hatimaye. "Mtu akipotea mwili wake usipatikane, akiliwa na maji, hilo ndilo linazikwa. Ndilo yeye."

Maina, aliyekuwa ameegemea mlango, alijinyoosha akasimama wima.

Hadithi ilitoka kwa vipande, na Warigia aliipanga kwa maswali mafupi. Jeconia alikuwa kibarua wa kahawa pale pale Theta. Alichukuliwa katika vita vya pili, mkewe akiwa mja mzito, na meli iliyokuwa imembeba haikufika ng'ambo. Hakuna aliyekuja kumwambia mke. Mke alingoja mpaka akafa. Mtoto aliyezaliwa, Akoth, akazeekea Kiandutu, na kwa ukoo wote Jeconia aliendelea kuwa mtu aliyesafiri. Hawakuweza kumlilia, wala kumpa kaburi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewahi kusema amekufa. Calvince, mjukuu wa Akoth, alipewa jina lake ili lisipotee.

"Halafu kamati ikasema wote waliotolewa hapa wataandikwa hapa," Calvince alisema. "Nikapewa kazi, nikafika kwa jina lake. Nilichonga polepole sana hilo. Nilipomaliza, nikampigia dani simu, bibi yangu. Nikamwambia, dani, baba yako ameandikwa kwa mawe ya waliokufa. Halafu akasema, basi amekufa. Tumzike."

"Mbona ukutani? Nyinyi huzikia nyumbani."

"Atazikwa nyumbani, Alego. Kesho jioni tunasafiri, ukoo unangoja. Lakini dani alisema mtu huchukuliwa mahali alipoangukia. Baharini tutafika na nini? Hapo kwa jina ndipo pekee tunajua amefika. Akasema alale hapo siku chache, apajue, ndipo twende naye."

"Kwa nini hukusema, ukalala seli?"

"Ningesema, mngelitoa, wangelichoma." Alimtazama usoni mara ya kwanza. "Mzee Ephantus nilimwomba kabla. Nilimwambia naomba nafasi nyuma ya jiwe moja. Hakuuliza ya nini. Alisema ukuta si kaburi, akaenda."

*

Mzee Ephantus alifika kituoni saa kumi jioni na pasta kwenye simu. Alimkuta kikongwe, aliyeletwa kutoka Kiandutu, ameketi kwenye benchi la ukumbini, leso kichwani, fimbo kati ya magoti. Alipita akasalimia kwa kichwa tu, kwa haraka ya mtu mwenye shughuli. Warigia alimwita ndani, akafunga mlango, akamweleza kwa maneno machache, mtindo wa ripoti: nani, wapi, nini, kwa nini. Hakuongeza huruma yoyote. Ukweli ulikuwa na uzito wake wa kutosha.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiambia simu, "Pasta, nitakupigia," akaikata.

"Angeniambia ni ya nini," alisema.

"Hukumuuliza ni ya nini."

"Ukuta si kaburi. Hilo bado nalisema." Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeshonwa humo. "Nilizunguka nyumba hadi nyumba nikikusanya yale majina, binti yangu. Kila mahali nilikuwa naambiwa, alienda hakurudi. Nikaandika, nikaondoka. Sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja, mlimzika vipi." Alivaa kofia tena. "Lete hiyo karatasi. Naondoa malalamiko. Lakini jiwe lirudishwe kabla ya ibada, na awe ni yeye analirudisha."

Alipotoka, hakusalimia tena kwa kichwa tu. Alisimama mbele ya benchi, akasema, "Mama, pole kwa msiba," na kikongwe akampa mkono, wakashikana kwa muda mrefu.

Calvince aliachiliwa. Alisaini, akarudishiwa mshipi na kamba za viatu, akaenda kukaa chini sakafuni karibu na miguu ya bibi yake, akifunga viatu polepole.

Lilibaki jambo moja, na lilikuwa la sheria. Kielelezo kilichoandikishwa hakitoki bila saini ya mkubwa wa kituo, na mkubwa alikuwa ameitwa Kiambu mpaka kesho asubuhi. Warigia alikuwa amempigia simu mara mbili. Jibu lilikuwa moja: kesho saa moja, nitasaini, si kabla. Alitoka akachuchumaa mbele ya benchi, macho yake yakiwa sawa na ya Akoth, akamweleza.

"Kwa hivyo analala hapa leo," Akoth alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani, kila neno limewekwa chini kama mzigo.

"Analala hapa, mama."

"Wapi?"

Warigia hakutaka kumdanganya. "Kuna chumba. Kuna vitu vya wizi humo, simu, pikipiki, mitungi ya chang'aa. Yuko kwenye rafu ya juu, peke yake. Nimemwekea kibandiko."

"Kibandiko kimeandikwa nini?"

"Namba ya kesi."

Kikongwe alitikisa kichwa pole pole, si kwa hasira. "Alipoenda walimpa namba. Mama yangu alikuwa anaikumbuka, hata mimi alinifundisha, kama wimbo. Sasa mmempa nyingine."

Maina aliondoka kuelekea chumba cha vielelezo. Warigia alisikia kufuli ikifunguliwa. Aliporudi alikuwa na kalamu nyeusi mkononi. "Nimeandika na jina, afande," alisema. "Chini ya namba. Kubwa."

"Asante, nyathina, mwanangu," Akoth alisema. Kisha akamgeukia Warigia, akamshika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu, lakini vina nguvu ya mtu aliyechuma kahawa maisha yake yote. "Sikiliza. Miaka yote hiyo hakuna mtu alikesha naye. Kwetu mtu akiwa bado hajazikwa, halali peke yake. Hata awe maskini, watu hukaa, huongea, hunywa chai, yeye anasikia. Mimi ningekaa. Lakini miguu haitaki, na kesho safari ni ndefu. Na huyu mtoto alilala seli. Nani atakaa?"

Nje, magari ya barabara ya Thika yalinguruma yakielekea usiku. Warigia alikuwa zamuni tangu alfajiri. Aliweka mkono wake wa pili juu ya ule wa kikongwe.

"Mimi, mama," alisema. "Nitafungua mlango wa chumba, niweke kiti, na chai itakuwepo. Nitamwongelesha kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo sijui, atanisamehe. Nenda ukalale. Baba yako hatakuwa peke yake mpaka utakapoingia kwa mlango huo kumchukua."